Tableti kwenye Mkeka wa Sadaka

Ekai alipoona yai moja likinunuliwa kwa bei ya kuku mzima, alijua Mungu hajamsahau.

Ilikuwa Jumapili, Kakuma, nje ya kanisa la mabati la wakimbizi wa Sudan Kusini, ambako alikuwa amesimamisha pikipiki ipoe. Ndani, sadaka za waumini zilikuwa zimepangwa mkekani: mayai, kuku, kikapu cha mtama. Ibada ilipokwisha zikapigwa mnada, na watu wakashindana kupandisha bei huku wakiimba, wengine kwa pesa, wengine kwa mbuzi. Jamani, mahali ambapo mtu anaona fahari kulipa zaidi! Ekai alikaribia kulia.

Kilio alikuwa nacho tangu zamani. Alikuwa ameuza duka lake Lodwar, rafu na yote, akanunua shehena ya tableti mpya kabisa zilizozinduliwa hotelini kwa maputo na hotuba ndefu. Zilikuwa nzuri, tena nzuri sana, mpaka saa nne asubuhi. Jua la Lodwar likishakolea, kioo kiliingia giza na tableti ikalala mpaka jioni. Wateja waliomsifu asubuhi walimtafuta mchana na fimbo. Sasa duniani alibaki na maboksi mawili ya tableti na ile pikipiki, na bila pikipiki, wenye fimbo wangemfikia.

Jumapili iliyofuata alirudi mapema, amevaa ovaroli ya kuazima, eti yeye ni injinia wa mafuta kutoka Lokichar. Mpango ulikuwa rahisi. Angeweka tableti moja mkekani kimyakimya, ajifanye mgeni anayeitamani, apandishe bei, kisha amwachie tajiri ashinde. Wengine wote wangetaka za kwao, naye angefungua maboksi pale nje kwa bei hiyo hiyo.

Tajiri alishapatikana: mzee Makuei, mfanyabiashara wa mbuzi. Asubuhi, kukiwa bado na ubaridi, Ekai alimwonyesha kioo kinavyong'aa.

"Ejok, mzee," akamsalimu kwa Kiturkana. "Hiki ndicho wanachotumia wakubwa wa mafuta."

Makuei akagusa picha, picha ikakimbia. "Inaweza kuhesabu mbuzi?"

"Mzee, inawajua kwa majina."

Mahubiri yalikwenda kwa Kiswahili, yakarudi kwa Kidinka, yakamalizikia kwa Kiarabu cha Juba. Mabati yakaanza kulia kwa joto. Ekai hakujali, nani angethubutu kuwasha sadaka mbele ya madhabahu?

Mnada uliendeshwa na mama Ayak, mwenyekiti wa akina mama, mwenye kibanda cha kuchaji simu na sauti isiyohitaji kipaza.

"Tableti! Haleluya! Nani ataanza?"

"Mbuzi mmoja," akasema Makuei.

"Wawili!" akadakia injinia.

Ayak alitangaza kila bei kwa Kidinka, kwa faida ya wazee, na kila mara aliongeza maneno mawili matatu. Watu wakacheka. Ekai naye akacheka, asionekane mshamba.

"Wanne," akasema Makuei, sasa akitabasamu.

"Watano!"

"Sita."

Hapo ndipo pa kuacha. Mtu mwenye akili timamu angekaa. Lakini akina mama walikuwa wakimpigia injinia vigelegele, Makuei alionekana bado ana njaa, na tamaa ikamshinda Ekai. Mara moja tu, ya mwisho.

"Kumi!"

Makuei akaketi, akavua kofia, akaanza kujipepea.

"Kumi kwa injinia! Bwana asifiwe!" Ayak akamsogelea. "Hapa kwetu, kijana wangu, neno la mkekani halitoki mlangoni kabla ya kulipwa."

"Mama, mbuzi wangu wako Lokichar."

"Mbali mno. Mungu atangoja hadi lini?"

"Basi nilipe kwa tableti! Ninazo maboksi mawili huko nje!" Ekai aliropoka kabla hajafikiri.

"Za nini? Mpwa wangu aliniletea moja kutoka Lodwar. Inalala mchana kuliko marehemu mume wangu. Nilipokuona ukiiweka mkekani, niliwaambia watu wangu kwa Kidinka: msukumeni kidogo, atapanda mwenyewe."

Kanisa lilicheka mpaka kuku wakakurupuka. Wazee wawili walitoka nje, wakarudi wakisukuma pikipiki taratibu, kwa heshima zote, wakaiegesha mkekani kati ya mayai na mtama, iwe malipo badala ya mbuzi kumi.

Chozi la kweli likamtoka Ekai. "Mama, hiyo ndiyo miguu yangu. Nakuomba."

Ayak alimwangalia kwa huruma, lakini mnada ni mnada. Akamkabidhi tableti yake kwa mikono miwili, waumini wakapiga makofi, kisha akapaza sauti.

"Pikipiki! Haleluya! Na leo mgeni wetu ndiye atakayetufungulia. Haya, injinia, unasema mbuzi wangapi?"