Ng'ombe wa Micaela

Jumatatu, 3 Machi
Daftari, samahani, tangu Krismasi sijakuandikia. Mwanangu anaota meno, sote hatulali. Nimerudi shule. Lugha yangu ni Kimam cha huku milimani, Kihispania cha shuleni kinanipiga chenga, basi mwalimu Nohemí kanitia kwenye mpango: wanafunzi wafundishane, tusije tukaacha shule. Wa kunifundisha mimi? Wifi yangu Odilia. Kamasi zake nilizifuta mwenyewe. Leo kaniambia, "Kaa vizuri, wifi, tuanze na herufi." Herufi.

Jumanne, 4 Machi
Ujanja umepatikana. Afundishaye hafundishwi. Nimeomba nami nipewe mtoto. Mwalimu kakubali upesi mno, eti wazito hunoleka kwa kufundisha. Nimelimeza hilo. Nimepewa Micaela wa darasa la kwanza. Ijumaa atasoma mbele ya mkaguzi. Mama mkwe kasema nikiaibika hatanishikia tena mtoto, nirudi jikoni.

Jumatano, 5 Machi
Herufi ni za wasio na akili. Micaela anapiga tortilla, chapati za mahindi, viganjani kama mwanamke mzima, basi nimemfungia maneno kwenye viganja: pa, ng'ombe anakula, pa, nyasi za mlimani. Ukurasa wote umeingia kabla donge la unga halijaisha. Odilia kapita na mwanafunzi wake mpya anayejikongoja silabi kwa silabi. Nikamuuliza kama watafika Krismasi. Kanijibu, "Wako anasoma au anapika?" Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi kafungua ukurasa mwingine. Picha ya volkano. Micaela kaanza kupiga viganja hewani, ng'ombe wake akala nyasi mpaka nukta ya mwisho. Mkaguzi kauliza kwa upole ng'ombe yuko wapi. Micaela kajibu kwa Kimam kwamba kaungua. Wa Odilia kajikongoja, kafika.
Mama mkwe kanirudishia mtoto palepale. Nikamwambia, "Mama, nakuheshimu, lakini Jumatatu naenda shule na huyu mgongoni." Kaguna. Mwalimu karuhusu, ila Odilia atatufundisha mimi na Micaela pamoja. Kuanzia herufi.

Jumamosi, 8 Machi
Mtoto kalala kifuani, nimepata kufikiri. Njia haikuwa na kosa. Kosa ni kukariri ukurasa mmoja. Nimemwandikia dada Fermina kule mjini anitumie: kitabu kizima cha darasa la kwanza, picha zikiwemo; shuka ngumu ya kubebea mtoto; kitu cha kumtulizia fizi; na mahindi gunia zima, maana kurasa ni nyingi.