Bahari Katika Mtumbwi Wangu wa Lubisi

Kishanda, Muleba,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.
Desemba, 1975.

Kwa Ndugu Afisa Elimu wa Wilaya,
Muleba.

YAH: KUFUNDISHWA KWA BAHARI KATIKA KIJIJI KISICHO NA BAHARI

Ndugu Afisa,

Nakusalimu wewe na wote mnaojenga taifa katika ofisi hiyo. Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba, na ni mjumbe wa kamati ya shule yetu ya msingi, ambako kazi yangu ni kuhakikisha majembe yanarudi stoo. Si mtu wa malalamiko. Sukari ilipoadimika nilikunywa chai bila sukari, na kwenye foleni ya chumvi nilisimama nikiwa nimenyamaza. Lakini kwa hili la bahari nimeshindwa kunyamaza.

Mwalimu wetu wa darasa la saba, Ndugu Mwamvita Omary, ni mzaliwa wa Tanga. Alikuja Bukoba kukaa kwa mjomba wake mtaa wa Hamugembe, akasomea ualimu, ndipo Serikali ikamleta kwetu. Ni mwalimu hodari, na hapigi watoto ovyo. Naliandika hilo mapema usije ukadhani nina chuki binafsi. Shida yake ni moja tu: anafundisha bahari za dunia, na anazifundisha vizuri mno. Naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba ili usisumbuke.

1. Ametunyang'anya bahari yetu. Kwa Kihaya maji yote makubwa ni enyanja, yawe ya hapa au ya Ulaya, na wazee wetu hawakuona sababu ya kuyabagua. Mwalimu alipowaambia watoto waandike bahari wanazozijua, darasa zima liliandika ile ya Bukoba, na darasa zima likakosa. Akasema lile ni ziwa tu, kwa kuwa halina chumvi. Ndugu Afisa, Kiswahili mimi nimekisoma, na najua kwamba ziwa ni pia kile ambacho mama humpa mtoto mchanga anyonye. Sioni inavyofaa maji ambayo meli huyavuka usiku kucha hadi Mwanza kuitwa hivyo mbele ya watoto wa kike na wa kiume waliochanganyika. Mama yangu mzazi, Bibi Kokugonza, alipoelezwa habari hizi na wajukuu, aliuliza ni nani aliyeyaonja maji yale yote mpaka ng'ambo akahakikisha kwamba hayana chumvi. Mpaka leo hajajibiwa.

2. Ametundika ramani ya dunia darasani. Nilikwenda kuikagua kama mjumbe wa kamati. Bahari zimejaa kila upande, nchi kavu imebanwa katikati, na katika bahari zote hizo hakuna hata moja iliyopewa Ziwa Magharibi. Tanga wanayo. Mtwara wanayo. Dar es Salaam wanayo, tena mbele ya ofisi. Sisi tulioambiwa kwamba hii ni nchi ya usawa, tuliogawana hata unga wa njano kwa kibaba, tunaonyeshwa bahari ukutani kwa ncha ya fimbo. Na hiyo moja ambayo ni ya taifa letu bado inaitwa Bahari ya Hindi. Mabenki tumeyataifisha, mashamba makubwa tumeyataifisha, lakini bahari iko pale pale imeachiwa jina la wenyewe. Sisemi kwamba Ndugu Mwamvita ndiye aliyeipa jina hilo. Nasema alilitamka bila wasiwasi wowote.

3. Ameharibu posa ya binti yangu mkubwa, Joviana. Hapa naomba usome taratibu. Mwalimu aliwaambia watoto kwamba kesho yake watajifunza vyombo vya baharini, hivyo ambaye kwao kuna mtumbwi aseme. Yeye alikuwa anafikiria mitumbwi midogo ya kuchongwa kwa mti laini, ya kuchezea. Lakini huku kwetu juu mlimani, mbali na wavuvi, mtumbwi ni ule mmoja wa kukamulia ndizi na kuchachushia lubisi, pombe yetu ya ndizi. Klaudia, binti yangu mdogo, akanyoosha mkono kwa fahari na kusema kwa Tata, yaani kwangu mimi baba yake, upo, tena mkubwa.

Kwa kuwa haukubebeka, mwalimu aliliongoza darasa zima hadi kwenye migomba yangu. Mimi nilikuwa kwenye chama cha ushirika kwa shughuli za kahawa. Mtumbwi walikuta umejaa, umefunikwa kwa majani, maana wageni wa posa walikuwa wanafika siku inayofuata wakiongozwa na Mzee Byabato. Mwalimu alidhani ni maji ya mvua yaliyochafuka. Hakuyaonja, kwa sababu dini yake haimruhusu kileo na pua yake haijakizoea. Dini yake naiheshimu, ingawa siku hiyo tu ningependa angekuwa Mkatoliki. Povu alipoliona aliwaambia watoto kwamba ndivyo mawimbi yanavyokuwa. Kisha, ili waelewe kwa nini meli huelea vizuri zaidi baharini, akamwomba Klaudia chumvi na yai.

Chumvi yote ya nyumbani, ile ya foleni, iliingia humo. Yai likaelea. Naambiwa watoto walipiga makofi, na mwalimu mwenyewe alifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema amekumbuka kwao.

Kesho yake wageni walifika. Mzee Byabato alipokea kibuyu cha kwanza, akanywa, akachungulia ndani yake. Ni mtu wa adabu, hivyo alikimaliza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyepata kuishi pwani. Posa imeahirishwa hadi lubisi nyingine itakapoiva, na Joviana hasemi na mdogo wake.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Tangu siku ya yai, Klaudia haambiliki. Akichota maji anataja Pasifiki. Akipalilia maharage anataja Atlantiki, na maharage yenyewe anayang'oa pamoja na majani. Sasa majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yametoka. Klaudia yumo, na amepangiwa Tanga. Kijiji kilishangilia. Mimi nami nilishangilia, kisha nikaingia shambani peke yangu nikakata majani ya migomba ambayo hayakuhitaji kukatwa.

Nilimwuliza mwalimu huko Tanga maji yako umbali gani kutoka shuleni. Alinijibu kwamba mtoto atayasikia akiwa kitandani. Alisema hivyo akitabasamu, kana kwamba ananipa habari njema. Tena amempa Klaudia anwani ya mama yake mzazi ili awe na pa kwenda siku za Jumapili. Ukitazama kwa makini, Ndugu Afisa, utaona mpango mzima: kwanza mtoto hufundishwa bahari, halafu hupelekwa huko huko. Mabinti wa jirani zangu walifundishwa kushona vitambaa na wote wako nyumbani mpaka leo.

Kwa sababu hizo naomba mambo yafuatayo yatekelezwe kabla shule hazijafunguliwa. Maji ya Bukoba yapandishwe cheo yawe bahari, hata kama itabidi wizara itoe chumvi. Masomo ya bahari yasimamishwe mkoani hadi kila mkoa utakapopata ya kwake. Ndugu Mwamvita ahamishiwe Tanga, ambako hatahitaji mtumbwi wa mtu ili kuwakumbuka wazazi wake. Na Klaudia abadilishiwe shule, apewe ya hapa karibu, ambako nitaweza kumpelekea ndizi kwa mguu. Likishindikana lolote kati ya hayo, basi lisishindikane hilo la mwisho. Mwanangu huyu ndiye anayenisomea barua jioni, maana macho yangu hayaoni tena herufi ndogo, na nyumba bila yeye siielewi.

Mama Klaudia anakusalimu. Bibi Kokugonza anakusalimu na anaendelea kusubiri jibu lake. Wanakamati wote wanakusalimu, isipokuwa mwenyekiti, ambaye hajui kama nimeandika. Nisalimie familia yako na karani wako wa mlangoni.

Wako katika kulijenga taifa,

Anatory Mushumbusi,
Mjumbe wa Kamati (Majembe).

Nyongeza, Februari 1976:

Barua hii niliileta Muleba mwenyewe ikiwa mfukoni, asubuhi ile ile niliyomsindikiza Klaudia kupanda basi la Bukoba ili akachukue meli. Alipokwisha kukaa dirishani alinipungia mkono bila kulia, nami nikageuka nikarudi Kishanda bila kufika ofisini kwako. Naituma leo kwa sababu karatasi ni adimu na salamu zilizomo bado ni nzima. Maombi yote nayafuta, ila hilo la kupandishwa cheo kwa maji ya Bukoba.

Klaudia ameandika kwamba amefika. Barua yake nimesomewa na Ndugu Mwamvita, ambaye naomba kwa unyenyekevu asihamishwe kwenda popote. Badala yake apewe kibali cha kutufundisha bahari katika darasa la watu wazima, ambako mpaka sasa tunafundishwa samadi. Nimekwisha kuandikisha jina langu, na la mama yangu pia.

Nina haraka kidogo na somo moja. Mtoto anasema kila siku maji ya huko huondoka, yakaenda mbali hata wakatembea mahali yalipokuwa, halafu hurudi. Hakueleza zaidi. Ningependa kujua huwa yanakwenda wapi, na kama watoto waliosimama pale hupewa taarifa kabla hayajarudi.