Kusahauliwa kwa Mujibu wa Utaratibu

Idara ya Kusahauliwa ina furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba kuanzia sasa kila mtu ana haki ya kusahauliwa mtandaoni. Haki hii inapatikana Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, isipokuwa saa ya chakula. Mwombaji afike mwenyewe akiwa na kitambulisho na picha nne za rangi, uso ukionekana vizuri, ili asahauliwe yeye na si mtu mwingine.

Tangazo hilo niliandika mimi. Mkurugenzi alilisahihisha mara sita, na mara ya sita akalirudisha lilivyokuwa mara ya kwanza, kwa hiyo naweza kusema tulisaidiana.

Mimi ni Afisa Msaidizi wa Usahaulifu, Daraja la Pili. Nakaa dirisha namba tatu. Dirisha namba moja na namba mbili hayajawahi kufunguliwa, lakini ofisi haiwezi kuanza na dirisha moja tu. Watu wangesema ni kibanda.

Kazi yetu kwa ufupi ni hii: mtu akianikwa mtandaoni bila ridhaa yake, iwe kwa picha au kwa video, anakuja kwetu, nasi tunaiandikia kampuni yenye mtandao iondoe. Ni barua ya mistari minne. Lakini Mkurugenzi alituelimisha kwenye semina kwamba haki ikipatikana kirahisi wananchi hawaiheshimu. Ndipo ikatengenezwa fomu ya kurasa kumi na moja.

Fomu inadai mwombaji alete nakala tatu za kile anachotaka kisahaulike. Kiongozi wa mtaa wake akitazame na kuthibitisha kwa mhuri kwamba aliyeaibika ni yeye. Wadhamini wawili nao wathibitishe kwamba wamekiona, na kama hawajakiona, waonyeshwe. Kisha idara inakibandika kwenye ubao wa matangazo na kwenye ukurasa wake wa mtandao kwa siku kumi na nne, pamoja na jina kamili la mwombaji, ili mwananchi yeyote mwenye pingamizi, yaani ambaye angependa kuendelea kukumbuka, apate nafasi ya kusikilizwa.

Mtu anaweza kuona mambo haya yanazunguka. Mimi nilikuwa nayaona yamekamilika.

Kisha akaja yule mama fundi cherehani.

Alikuja asubuhi, sindano mbili zikiwa bado zimechomekwa kifuani kwenye blauzi, na kabla sijamsalimu akaweka simu yake mbele yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Unamjua huyu?"

Kwenye simu kulikuwa na stika ya mwanamke ameketi pembeni ya mtaro, miguu kaitupa mbele kama mtoto, analia mdomo wazi. Chini yake kulikuwa na maandishi: BANDO LIMEISHA. Nilimjua. Nilikuwa nimetumiwa na dada yangu juzi tu. Na mimi, naandika hili kwa unyenyekevu, nilikuwa nimemtumia mama yetu mdogo.

"Nilikuwa nahamisha kibanda," akasema. "Mkokoteni ukapinduka, cherehani ikaingia mtaroni. Cherehani ya miaka kumi na tisa. Nikakaa nikalia. Kijana mmoja akanirekodi sekunde kumi na moja, akaweka na sauti ya mbuzi. Sasa watu wakiishiwa bando la intaneti wananituma mimi. Sijui wanatumaje kama bando limeisha."

"Pole, mama."

"Mimi nimeshapoa. Cherehani ilikaushwa, inashona. Shida ni binti yangu. Yuko mwaka wa mwisho. Shuleni hawamwiti jina lake, wanamwita Bando. Akisimama kujibu swali, kuna mtu nyuma analia kama mbuzi. Wiki ya pili hii hatoki nyumbani. Mtihani wa kumaliza shule ni wiki tatu zijazo, na kasema video ikiwepo, yeye haendi. Ananijia kwa upole, mwanangu, hana kelele. Huyo wa upole akisema haendi, haendi."

Nilimpa fomu. Aliipima kwa vidole, kama anayepima kitambaa.

"Hii yote?"

"Ni ya kawaida, mama. Kurasa mbili za mwisho ni shukrani kwa idara."

Aliijaza yote. Kiongozi wa mtaa alitazama video, akacheka, akapiga mhuri, akaomba atumiwe. Mdhamini mmoja alikuwa kinyozi ambaye hakuwa ameiona, akaonyeshwa, akawaita wateja wake waje kuthibitisha pamoja naye. Nasi tukaibandika.

Takwimu za wiki hizo mbili zilikuwa nzuri mno. Ukurasa wa idara, ambao kwa kawaida hutembelewa na watu wanne, na watatu kati yao wanatafuta idara ya maji, ulitembelewa na watu elfu thelathini na moja. Mkurugenzi aliitisha kikao kutupongeza.

"Mnaona?" alisema. "Mwananchi ana kiu ya kusahau."

Mama Faili, mtunza kumbukumbu wetu, ambaye yupo kazini tangu faili zilipokuwa zinafungwa kwa kamba, aliniinamia sikioni. "Mdogo wangu, hivi sisi tunazima moto au tunaupepea?"

Nilimwambia asubiri kikao cha Kamati.

Kamati ya Kusahau ina wajumbe watano na hukaa mara moja kwa mwezi, Jumatano. Kikao hurushwa mtandaoni moja kwa moja kwa ajili ya uwazi, na siku zote watazamaji walikuwa watatu, mmoja wao akiwa Mama Faili huko chini, akiangalia kama vitafunio vimebaki. Jumatano ile watazamaji walikuwa elfu kumi na tisa.

Yule mama aliketi benchi la nyuma, mkoba mapajani. Zilikuwa zimebaki siku tano mtihani uanze.

Video ikawekwa kwenye skrini kubwa. Kanuni zinataka itazamwe mara tatu: mara ya kwanza kuitambua, mara ya pili kupima uzito wa aibu, mara ya tatu kwa faida ya mjumbe atakayekuwa ametoka kupokea simu. Mara ya kwanza Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenyekiti, alikohoa. Mara ya pili alijifunika uso kwa faili. Mara ya tatu mbuzi alipolia, Mkurugenzi alitoa sauti ambayo katibu alishindwa kuiandika, akaegemea nyuma, kiti kikaenda naye. Alikwenda chini pole pole, ameshika kitambaa cha meza, tai begani, miguu juu, machozi yanamtoka, na mdomo wazi kabisa.

Kikao kiliahirishwa. Kanuni inasema mwenyekiti lazima awe ameketi.

Mimi nilitazama sakafu. Nilipoinua macho yule mama alikuwa amesimama mbele yangu.

"Kikao kingine lini, mwanangu?"

"Mwezi ujao, mama."

"Mtihani ni Jumatatu."

Nilianza kupekua kalenda ya Kamati. Alinitazama nikipekua, akatoka taratibu, akaufunga mlango nyuma yake ili usijibamize.

Alasiri hiyohiyo dada yangu alinitumia stika mpya. Mwanamume mwenye tai, chali, miguu juu, analia kwa kicheko. Chini yake: BANDO LIMEISHA. Hadi jioni nilikuwa nimeipokea mara saba, pamoja na moja kutoka kwa mjumbe wa Kamati.

Alhamisi asubuhi mtu alikuja dirishani kwangu kwa mlango wa wananchi. Alikuwa amevaa kofia na miwani mikubwa ya jua, na mezani aliweka funguo zenye lebo ya ofisi ya Mkurugenzi.

"Binti," akasema kwa sauti ndogo. "Nipe fomu."

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Usiniite hivyo hapa. Marahaba. Mjukuu wangu kanitumia mimi mwenyewe. Ana miaka sita, hata hajui ni babu yake. Mke wangu simu ikiita anacheka kabla hajapokea. Nipe fomu."

Nikampa. Akasoma ukurasa wa kwanza amesimama, wa pili akavuta kiti.

"Kiongozi wa mtaa anatakiwa kutazama kwa nini?"

"Kuthibitisha, mheshimiwa."

"Yule mtu ana mdomo kama redio. Nani aliandika hiki?"

"Ni wewe, mheshimiwa."

"Na hiki cha kubandika siku kumi na nne?"

"Ni wewe pia. Hicho tulikipigia makofi."

Akatoa kalamu, akakata kifungu. Akafungua ukurasa mwingine, akakata. Alikata picha nne, akakata wadhamini, akakata shukrani kwa idara, ingawa pale mkono ulisita. Kila alipokata aliandika herufi za jina lake pembeni, kwa hiyo kila kitu kilikuwa halali. Kilichobaki ni jina, kitu cha kuondolewa, na sahihi.

"Na Kamati?" nikauliza.

"Kamati ya nini? Wale ndio wanaonisambaza." Akafungua kitabu cha kanuni, akatafuta kwa kidole. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba Mkurugenzi alikuwa na mamlaka ya kuidhinisha ombi lolote peke yake, tangu siku ya kwanza. Ni kifungu cha pili. Hakuna aliyewahi kukisoma kwa sababu ni kifupi.

"Basi," akasema, "niidhinishe langu."

Mimi ni mtu mwenye haya. Nikizungumza na wakubwa masikio hupata moto. Lakini nilikuwa nimelala vibaya usiku ule, nikimwona mtu anafunga mlango usijibamize.

"Mheshimiwa," nikasema, "kuna foleni."

"Foleni gani? Niko peke yangu."

"Ya maombi. Yanashughulikiwa kwa kufuata yalivyopokelewa. Wewe ni namba mia mbili na kumi na tatu."

"Nikate na hicho."

"Ukikikata, mheshimiwa, aliyekuja baada yako naye atapita mbele yako. Na leo wakija wengi..."

Alinitazama kupitia miwani. Sijui aliona nini. Mimi niliona uso wangu mara mbili, wote mwekundu. Kisha akavua miwani, akavua koti, akakunja mikono ya shati.

"Mwambie Mama Faili alete zote."

Mama Faili alizileta kwa toroli. Alipompita nyuma ya kiti alisema, kama anayezungumza na toroli, "Mwosha huoshwa."

Tulifanya kazi Alhamisi yote na Ijumaa. Mkurugenzi alisoma, akasaini, akapiga mhuri. Mimi niliandika barua za mistari minne. Kulikuwa na mwalimu aliyerekodiwa akisinzia, bibi harusi aliyeanguka, kijana aliyeimba vibaya akiwa na miaka kumi na miwili na sasa ana ishirini na sita na ni daktari. Mwanzoni Mkurugenzi alikuwa anapiga mhuri bila kutazama. Baada ya maombi thelathini hivi alianza kusoma sehemu ya "Madhara Yaliyompata Mwombaji", na mhuri ukaanza kuchelewa.

Namba mia moja na tisini lilikuwa la fundi cherehani. Mkurugenzi alitazama picha zake nne. Mbuzi hakuwepo, skrini haikuwepo, alikuwa mwanamke tu anayetazama kamera kwa adabu. Kwenye madhara yule mama alikuwa ameandika: "Mwanangu ana akili, na hatafanya mtihani."

Mkurugenzi hakucheka. Alipiga mhuri mara mbili, ingawa mmoja unatosha.

"Hii itume sasa hivi," akasema. "Usingoje nyingine."

Kampuni zenye mitandao, ambazo kwa miezi tisa ya uhai wa idara tulikuwa hatujaziandikia barua hata moja, zilijibu ndani ya siku moja. Jumamosi mchana niliitafuta ile video kila mahali nilipojua. Haikuwepo. Na stika zilizobaki kwenye simu za watu hakuna aliyezituma tena, kwa maana walikuwa na mpya nzuri zaidi.

Jumatatu saa nne asubuhi yule mama alikuja dirishani. Hakuwa na karatasi yoyote.

"Kaingia," akasema.

"Kwenye mtihani?"

"Nimemsindikiza hadi getini. Kaingia bila kugeuka." Akapangusa ukingo wa dirisha langu kwa kiganja, ingawa haukuwa na vumbi. "Yule bosi wako, mwambie pole. Nimetumiwa picha yake mara tisa, sijamtuma kwa mtu. Mwambie siku za mwanzo ndizo mbaya. Baadaye unazoea."

Niliahidi kufikisha salamu.

Mchana ule tulifika namba mia mbili na kumi na tatu. Mkurugenzi alikuwa ameshika mhuri tayari. Kwa kuwa mwombaji haruhusiwi kujisomea ombi lake, nililisoma mimi, na kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kusoma hadi mwisho, niligeuza karatasi. Nyuma ya fomu, mahali ambapo kalamu yake haikufika, palikuwa na kifungu cha tisa: matendo ya kiongozi wa umma akiwa kazini, kwenye kikao cha umma, ni mali ya umma na hayasahauliwi.

"Nani aliandika hiki?" akauliza, lakini kwa uchovu, kama mtu anayeuliza saa.

"Hiki ni kizuri, mheshimiwa," nikasema. "Hiki kwa kweli ni kizuri."

Niliandika barua ya kukataa kwa lugha yake mwenyewe, kwa masikitiko na kwa heshima zote. Mwenye mamlaka ya kusaini barua za kukataa ni mmoja tu, kwa hiyo nilimpa. Aliisoma mara mbili akitafuta kosa, hakulipata. Akasaini. Akajikabidhi nakala ya mwombaji, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mwananchi wa kawaida kabisa, kama rufaa inaruhusiwa.

"Inaruhusiwa, mheshimiwa," nikamwambia. "Hupelekwa kwa Mkurugenzi. Hujibu ndani ya siku tisini."