Malalamiko Dhidi ya Furaha ya Mjukuu Wangu Doudou

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Chekechea ya Kengele Ndogo,
Tainan.

Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

Natumaini yale mafua yamekuachia. Mimi ni Lu Tsai Mei-yue, muuza uji wa samaki wa karibu na hekalu, bibi yake Doudou, yule mtoto mliyemwandikisha kama mvulana na anayekuja kwenu na sketi ya njano. Naandika kwa heshima zote kulalamika kwamba shule yako imemfurahisha mjukuu wangu kupita kiasi.

Ujue kwanza tulikotoka. Mwaka jana tumbo la Doudou liliuma kila asubuhi ya shule. Alitapika getini, akatafuna kucha mpaka zikatoa damu. Majirani wakasema, "Mvueni hiyo sketi, tumbo litapona." Akavuliwa, tumbo likazidi. Siku moja, nikiwa nachambua samaki, akaniuliza, "Bibi, mtu aliyekosewa kutengenezwa hurudishwa wapi?"

Niliacha samaki, nikamwita mwanangu. Mwanangu na mkwe wangu wakampeleka kwa daktari wa watoto wenye dhiki za moyoni. Daktari akaketi sakafuni akacheza naye, kisha akatuambia, "Huyu hana ugonjwa. Amechoka kujificha. Msimharakishe kujieleza; mpendeni alivyo leo." Nanyi mkakubali, sketi ikarudi. Hapo ndipo shida zangu zilipoanza.

1. Tumbo limepona. Zamani nilimkanda tumbo, tukajifunika shuka moja, tukatazama opera kwenye televisheni. Sasa ananipungia mkono akiwa ameshaingia darasani. Opera naitazama na paka, naye hana subira na waimbaji.

2. Mwalimu Peng amefuta foleni ya wavulana na ya wasichana, akaweka ya mapera na ya mananasi. Doudou ameleta utaratibu huo kibandani kwangu. Juzi diwani mzima aliambiwa, "Babu, wewe ni pera, rudi nyuma!" Akarudi! Tena akauliza kama mapera wanapata tangawizi.

3. Jirani yangu Bi Chiu alimwuliza mbele ya wateja, "Haya, leo wewe ni mvulana au msichana?" Mtoto akajibu, "Leo mimi ni Doudou. Na wewe Bibi Chiu, juzi nywele zako zilikuwa nyeupe, leo nyeusi. Mbona hatukukuuliza?" Bi Chiu alicheka mpaka uji ukampalia. Mimi na yeye tumegombana kwa raha tangu ujana wetu. Sasa analeta vitambaa vya sketi na kuniita dada. Adui mzuri kama yule nitampata wapi tena?

4. Hili ndilo zito. Mume wangu, dereva wa basi mstaafu, mtu asiyependa kuongea, amekubali Doudou ampake kucha zote rangi ya waridi, na akaenda nazo bustanini kucheza sataranji. Wenzake wakamzomea, "Bi harusi huyo! Bwana yuko wapi?" Akawaambia, "Mjukuu wangu alikuwa hacheki. Sasa anacheka. Haya, sogeza farasi wako." Hotuba ndefu namna hiyo hakuitoa hata siku aliponiposa! Sasa wale wazee wanakuja kwangu mmoja mmoja kupakwa rangi, wanapuliza kucha zao na kunywa uji wangu bure.

Kwa hiyo naomba mmrudishie Doudou huzuni kidogo, walau Jumatano asubuhi, apate kunihitaji. Ikishindikana, basi shule inipe mtoto mwingine anayelia getini. Nasikia yuko mmoja katika darasa la wadogo. Mleteni. Mikono yangu bado ina joto.

Nisalimie Mwalimu Peng, mpishi, watoto wote wa foleni zote, na mlinzi aliyekuwa akisafisha matapishi bila kununa.

Ni mimi, mwenye kinyongo cha heshima,
Lu Tsai Mei-yue

N.B. Septemba Doudou anaingia shule ya msingi, na huko wametuambia sketi hapana. Tafadhali niandikie kila mlichomfanyia mtoto huyu, usiache hata kimoja, nikawasomee. Mkwe wangu anataka twende kwa upole. Mimi nimeshaamua kufunga kibanda siku ya kwenda huko, na Bi Chiu anakuja nami. Wakikataa, wataletewa malalamiko yasiyo na mzaha hata chembe.