Msimu Nilipoiokoa Montarrac

Jumamosi, 1 Septemba
Msimu umefunguka! Montarrac, mji mdogo kuliko yote katika Ligi Kuu ya raga ya Ufaransa. Magazeti ya Paris yanasema tutashuka daraja. Hayajui kwamba Montarrac ina mimi, Firmin Lacrampe, muuza mikate ya nyama ya bata langoni mwa uwanja.

Leo nimemwona nahodha wetu, Peyo Etchart, akishuka garini. Shingo hana. Kichwa kimekaa juu ya mabega kama chungu juu ya mafiga. Wenzake wa rika lake wanafuga matumbo, yeye bado yuko mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana bega kwa bega. Akanisalimu kwa jina! Nikampa mkate bure. Mke wangu Odile akauliza kama nitawalisha na wale wachezaji kumi na wanne waliobaki. Mwanamke hana maono.

Jumapili, 14 Oktoba
Tunafungwa tu. Nimegundua tatizo: kwenye skramu wapinzani wanawashika watu wetu vizuri mno. Dawa ni mafuta ya bata. Nikampelekea Peyo kopo zima, nikamwambia ni dawa ya mabega ya marehemu bibi yangu. (Bibi hakuumwa mabega. Alikuwa na bata.)

Peyo hana shaka na mtu. Akajipaka, akawapaka na wenzake. Skramu ya kwanza, wapinzani wakateleza. Nikaruka! Kisha wetu wakatelezeana wao kwa wao, wote chali na kifudifudi, kama samaki waliomwagika sokoni. Refa akanusa vidole vyake. Tumefungwa tena.

Peyo hakunitaja kwa mtu. Alipokuwa anatoka akainama dirishani mwa kibanda changu: "Mzee Firmin, bibi yako alikuwa anapika vizuri, eh?" Mtu gani huyu!

Jumamosi, 22 Desemba
Huguette Sarrazac amechaguliwa kiongozi wa mashabiki. Mjane, mstaafu wa posta, kipaji chake ni kupiga ngoma. Cheo kile ni changu! Nikaapa kufanya jambo la kishujaa.

Kwa hiyo Alhamisi nikaenda Vierzac kupeleleza mazoezi ya mahasimu wetu. Nikapanda mti nikiwa nimevaa kama mwindaji wa njiwa. Kupanda rahisi. Kushuka, ah! Wachezaji wa Vierzac wenyewe wakaleta ngazi. Kocha wao akanipa supu. Nzuri, lazima nikiri.

Hata hivyo sikurudi mikono mitupu. Nilishika ishara zao za siri, nikamnong'oneza Peyo: "Mguu wa kushoto chini! Taratibu, babu! Shika tawi!"  Peyo akauliza kama wakati ule nilikuwa bado juu ya mti. Kisha akacheka hadi akakaa chini. Huguette kasikia. Mji mzima umesikia. Akaniambia, "Firmin wee, raga inachezwa uwanjani, wewe unaichezea matawini."

Jumamosi, 16 Februari
Peyo kavunjika mbavu. Daktari kamkataza kucheza hadi majira ya kuchipua. Jioni nikaenda uwanja wa mazoezi na mpango mpya (wa kumroga daktari, tuseme hivyo). Mvua ilikuwa inanyesha ya kukata na shoka. Wote walikuwa wameshaondoka isipokuwa wawili. Peyo, kifua kimefungwa bendeji, alikuwa amepiga magoti matopeni akimwonyesha Bixente, mchezaji mgeni anayewania nafasi yake, namna ya kuweka miguu. "Chini zaidi. Chini zaidi, ndugu yangu. Usinionee huruma." Akamfundisha kila kitu. Hakubakiza hata hila moja ya uzee.

Nilisimama pale hadi viatu vikajaa maji. Mpango niliusahau.

Jumamosi, 25 Mei
Mechi ya mwisho. Tukishinda tunabaki, tukifungwa tunashuka. Na wageni ni nani? Vierzac! Peyo karudi.

Mpango wangu: bendi ya tarumbeta. Kila Vierzac wakirusha mpira kutoka pembeni, ipulize, wasisikiane. Ilifanya kazi! Wakachanganyikiwa kabisa. Kisha ikawa zamu yetu kurusha, nami nikawapungia bendi wanyamaze. Wakadhani nawasifu. Wakapuliza zaidi. Mpira wetu ukaangukia mikononi mwa Vierzac, wakakimbia nao hadi mwisho. Tuko nyuma kwa pointi tatu, dakika zinayoyoma.

Huguette hakunitukana. Alinigeuzia mgongo, akaendelea kupiga ngoma yake. Afadhali tusi.

Tukapata penalti karibu na mstari wao. Peyo akageukia bendi, akasikiliza kidogo, akamwambia refa: skramu. Haihitaji masikio. Vierzac wakaiangusha makusudi. Penalti. Skramu tena. Sikio la Peyo lilikuwa linavuja damu hadi kolani. Akainama. Chini zaidi. Bixente begani kwake. Na lile rundo la watu likaanza kwenda, shubiri kwa shubiri, kama ng'ombe wanaovuta gari kutoka topeni. Hata tarumbeta zilinyamaza. Uwanja mzima ulisukuma bila kugusa mtu. Mimi nilimsukuma muuza bia.

Trai! Pointi tano! Peyo chini ya wote, mpira kifuani!

Tumebaki! Peyo akavua jezi, akaja moja kwa moja jukwaani kwetu. Nikanyoosha mikono. Akampa Huguette. Akamwambia ngoma yake ndiyo aliyokuwa akiisikia kila alipokuwa chini. Huguette akalia. Nami nililia, lakini ni upepo.

Jumapili, 26 Mei
Chakula cha mchana cha klabu. Peyo akasimama, akasema mwili umechoka, anarudi milimani kwa kondoo wa baba yake, na Bixente yuko tayari. Watu wakasimama, wakampigia makofi hadi sahani zikatetemeka. Odile akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba safari hii, tafadhali, nisifanye kitu.

Nikamwahidi.

Tatizo ni kwamba asubuhi, kabla ya chakula, nilishamwambia mwandishi wa gazeti kwamba Peyo atacheza mwaka mmoja zaidi. Linatoka kesho, ukurasa wa kwanza. Peyo mwenyewe bado hajui. Atafurahi sana.