Picha Sita za Mama Mkwe na Mlimau

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Maktaba imejenga ukuta mpya kwenye ukumbi wa kuingilia. Mkutubi mkuu anatafuta picha za kutundika hapo, mfululizo mmoja tu, kuhusu uhusiano wa binadamu na mazingira asilia. Atachagua Jumamosi. Jina la mpigaji litaandikwa chini kwa herufi kubwa.

Ukuta huo ni wangu. Nyuso za mji mzima zimepita mbele ya kamera yangu kwa ajili ya pasipoti, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza jina la aliyempiga.

Kuna kikwazo. Yule jirani wa ng'ambo ya barabara, anayepiga harusi na kujiita Msanii, naye amepata habari. Ameonekana akinunua viatu vya kupandia mlima. Anadhani mazingira yako mlimani! Sina haja ya kuhangaika. Mama mkwe ana mlimau uani kwake.

Nimekwisha kuzipanga picha sita: Kuonana, Kukaribiana, Kugusana, Kukumbatiana, Kutengana, Kukumbukana. Nimemsomea mke wangu. Kasema hiyo ni kesi ya talaka. Maskini, hana jicho la sanaa.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe amekubali kupigwa picha. Sharti lake ni kwamba nisiudhuru mlimau. Aliupanda alipokuwa akimnyonyesha mke wangu, na anadai kwamba wanaelewana kuliko anavyoelewana na wanawe. Kuhusu wakwe hakusema kitu, ila alinitazama. Nimeapa.

Lakini majani yana vumbi! Nikayapangusa kwa kitambaa, moja baada ya jingine, kisha nikayapaka mafuta ya kupikia ili yang'ae. Mama mkwe alikuwa kwenye dirisha la jikoni, simu mkononi. Akaniuliza kama ninakusudia kuukaanga. Nikaendelea kupaka. Msanii wa kweli hajibizani na watu wa jikoni.

Nikamsimamisha kando ya mti. Nikamwagiza asimame wima, asicheke, macho mbele, masikio yote mawili yaonekane. Picha safi kabisa. Ila tawi moja limekatiza juu ya sikio la kushoto. Picha ya namna hiyo hukataliwa popote pale. Kesho nitalishughulikia.

Jumatano, 5 Machi

Nimelikata. Dogo tu! Kiapo changu kilihusu mlimau; hakikutaja matawi.

Kumbe upande wa kulia ukawa mzito kuliko wa kushoto. Nikapunguza kulia. Kushoto kukazidi. Nikapunguza kushoto. Nikapanda ili kusawazisha kilele, miiba ikanishika shati, na sisimizi wekundu wakanishika kila mahali pengine. Nilishuka kwa kasi ambayo si ya umri wangu. Nikacheza uani ngoma isiyo na jina, suruali ikiwa magotini.

Mama mkwe akauliza dirishani kama hiyo ndiyo Kugusana au tumekwisha kufika Kukumbatiana. Simu bado anayo. Wazee wa siku hizi wamezidi kwa simu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nilikuwa na fikra ya pekee. Majani machache yaliyobaki yanachanganya macho. Nikaleta shuka jeupe la studio, nikalitundika kati ya mama mkwe na mlimau. Mandhari safi, bila doa! Nikatambua baadaye kwamba mazingira hayaonekani. Nikamshikisha jani moja, kifuani, kama mfungwa anavyoshikishwa namba. Uhusiano umepatikana.

Mke wangu alifika mchana kumwangalia mama yake. Akautazama mti, akanitazama mimi, akaingia ndani bila salamu. Sijui nani amemuudhi.

Nilipokuwa nikikunja shuka, mama mkwe alitoka, akaweka kiganja pale nilipokata, akainamisha paji la uso kwenye shina. Hakuna aliyemwagiza. Akakaa hivyo kitambo. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu. Sikupiga, kwa sababu alikuwa amenipa kisogo.

Alipogeuka akaniambia, kwa sauti ya chini sana, kwamba kama mimi ndiye binadamu, mazingira yana kazi. Nikamshukuru. Maneno hayo yatafaa kuandikwa chini ya picha.

Msanii amerudi. Kule mlimani palikuwa na ukungu siku zote. Amepiga ukungu mtupu. Nitalala nikicheka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimedhulumiwa!

Mkutubi alizitazama picha zangu kwa muda mrefu. Akauliza huyu mama anasafiri kwenda nchi gani. Nikamweleza kuhusu Kuonana na Kukumbukana. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akauliza mti uko wapi. Nikamwonyesha jani.

Hapo mke wangu, ambaye nilidhani amekuja kunibebea mkoba, akamkabidhi simu ya mama yake. Kumbe mama mkwe alikuwa akinipiga picha kila siku kutoka dirishani na kuwapelekea dada zake, chini yake ameandika: Tazameni niliyemwoza binti. Mimi ninapaka mafuta. Mimi nimekumbatia shina kwa miguu na mikono, mdomo wazi. Mimi na suruali magotini! Mkutubi alicheka hadi akashika meza.

Kisha akafika kwenye ya mwisho, aliyoipiga mke wangu mwenyewe siku ya Alhamisi: mama yake na kile kisiki cha tawi. Akavua miwani tena. Akasema ametosheka, hizo ndizo zitakazotundikwa.

Jina la mama mkwe, na la mke wangu chini yake, kwa herufi kubwa. Mimi nimeandikwa "mwanamume". Nikapinga. Picha ya tatu ina kidole pembeni! Ya nne imelala upande! Na masikio yangu hayaonekani hata katika moja! Mkutubi akasema hayo ya masikio ameyaona.

Mama mkwe hakujigamba. Aliuliza tu kama mlimau utachipua. Mke wangu akamjibu kwamba utachipua, iwapo mumewe atakaa mbali nao.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepita maktabani. Watu wamejaa mbele ya ukuta, wanacheka, wanafuta machozi, halafu wanafika kwenye picha ya mwisho na kusimama kimya. Nimetafakari jambo hili kwa utulivu. Bila mimi, pasingekuwa na picha hata moja. Kwa hiyo ukuta ni wangu, ila watu hawajaambiwa.

Nasikia pia chumba cha watoto kinatafuta picha za wanyama. Mama mkwe ana jogoo. Nimemchungulia leo juu ya ua, maana geti sasa lina kufuli. Jogoo mzuri, mtulivu, ana haiba. Mkia tu ndio umezidi upande mmoja.

Mkasi ninao.