Kitwana na Banjo la Kupashwa Moto

Quakers Hill nzima, toka stesheni mpaka nyumba ya mwisho, hakuna mwanamume aliyejua mambo kumzidi Kitwana. Usipoamini, muulize Kitwana.

Siku moja alirudi kutoka duka la mitumba la St Marys amekumbatia kitu kama mtoto mchanga. Kilikuwa banjo-ukulele: uso wa ngoma, shingo ya gitaa, nyuzi nne, na umbo la kuenea kwapani.

"Lina miaka tisini," akamwambia Mwiti, Mmeru aliyepanga naye. "Ngozi ya ndama, ileile ya kiwandani."

Mwiti akaligeuza. Ngozi ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta kiko. Skrubu mbili hazikuwepo, na shingo ilikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi na matumaini. Akagusa uzi. Ukalia *puu*, kama mzee anayeguna usingizini.

"Buda, hii imekufa."

"Imepoa tu. Babu yangu alikuwa mwamba ngoma, bwana. Ngozi haifi, hupashwa moto."

Akawasha jiko la gesi, akaliinamisha banjo juu ya moto kwa kimo cha shubiri, akilizungusha polepole. Akagusa uzi. *Ting!* Kitwana akavimba mpaka vifungo vya shati vikaomba msamaha.

Hiyo *ting* haikuwa ya mchezo. Kitwana alitaka kumwoa Goreth, muuguzi wa Kirundi, na Jumapili kulikuwa na sherehe ya Warundi katika bustani moja ya Liverpool, mtaa wa mwendo wa treni kutoka kwao. Shangazi yake Goreth, Mama Ninahazwe, angekuja kumkagua. Shangazi akikataa, hakuna ndoa.

"Atakujuaje kati ya watu wote wale?" Goreth aliuliza kwenye simu.

"Mwambie amtazame mwenye banjo. Basi."

Jumapili ikaja na manyunyu. Kitwana akasimama chini ya paa la bustani, suti ya buluu, tai nyekundu, akapiga wimbo wa kwanza. Watu wakashangilia. Shangazi alikuwa bado yuko njiani. Katikati ya wimbo wa pili ngozi ikanywa unyevu, ikalegea. *Puu.*

Akakimbilia jiko la kuchomea nyama, akalipasha banjo juu ya soseji za watu, akarudi. Wimbo mmoja na nusu: *puu.* Akakimbia tena.

"Lete nipashe mimi, wewe piga," Mwiti akamwambia.

"Wewe? Uniunguzie ngozi ya miaka tisini? Kupiga hata mtoto anaweza. Kupasha ndiko kwenye elimu."

"Sawa, profesa. Basi acha mtoto apige."

Kumbe Mwiti alikuwa amepiga gitaa kanisani kwao Meru miaka kumi na moja, na hakuwahi kumwambia mtu. Akalichukua banjo, akaanza, na akina mama wakaacha sahani zao, wakaingia uwanjani.

Kitwana akabaki penye jiko la nyama, akisubiri ngozi ipoe aonyeshe elimu. Mchomaji, kwa kuona mwanamume kasimama pale hana kazi, akamvisha aproni, akamkabidhi koleo. "Shikilia kidogo, kaka, naja." Hakuja. Foleni ndiyo iliyokuja.

Mbele ya foleni alisimama mama mnene mwenye kitambaa cha sherehe begani, Goreth pembeni yake amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Mwanangu, weka soseji mbili," mama akasema. Kisha akainama, kama anayetoa siri. "Unaona ule kijana wa banjo? Ndiye mukwe wetu. Mimi nimemukubali kabisa. Vidole zake ziko na adabu."

Kitwana akamtazama Goreth. Goreth akamtazama Mwiti, akakawia huko kidogo, kisha akarudisha macho kwenye aproni yenye mafuta.

"Shangazi akishasema," akasema, "mimi nani nimpinge?"

Kitwana akafungua mdomo aeleze yote: babu, ngozi, elimu. Papo hapo Mwiti akapaza sauti kutoka uwanjani: "Fundi! Imelala tena!"

Foleni yote ikageuka kumtazama fundi. Kitwana akageuza soseji.

"Na kitunguu, mama?"